Tumboni mwa Roza Kunanyesha

Jumatano, 1 Aprili 1987

Mvua tangu alfajiri. Roza amejikuna mpaka soksi zimetoboka. Namvalisha soksi za baba yake mikononi ili kucha zisifike kwenye ngozi, lakini mtoto ana akili, anazivua kwa meno. Dokta Elke wa hospitali ya misheni alinieleza mwaka jana: nyongo ikikosa njia ya kutoka kwenye ini inarudi kwenye damu. Ndiyo inayowasha. Ndiyo iliyomtia macho ya njano tangu azaliwe. Sasa ana miaka minne, tumbo limemjaa mbele, miguu miembamba, na usingizi hana. Kwa hiyo na mimi sina.

Na nimekaa tu! Mwalimu wa darasa la nne, mzima wa afya, nimekaa. Tangu Februari, alipofariki mtoto mchanga wa Bernadina. Bernadina ni mke wa mdogo wa mume wangu, Alfonsi, tunakaa uwanja mmoja na mama yao. Basi boma zima liko kwenye metimani, kutengwa kwa waliofiwa. Tawi la mwiba limelazwa njiani kwetu, alama ya msiba, hakuna mtu kuja. Hakuna sisi kwenda kwa mtu. Hatuchoti kisima cha wote, hatupiti karibu na ng'ombe wa watu, hatuli chungu cha mtu wala yeye chetu, msiba usije ukamfuata nyumbani. Mpaka wazee waseme basi. Wanasema labda baada ya mavuno. Mavuno! Mahindi yenyewe ndiyo kwanza yanachomoza.

Mwalimu mkuu, Mkatoliki safi, msoma somo kanisani, amenipa likizo ya huruma. Huruma ya nani? Wazazi walimwambia wakiniona darasani watawatoa watoto wao.

Kitu kimoja tu kinanifanya niamke. Dokta Elke amewasiliana na hospitali moja ya Uingereza, wanatoa ini bovu la mtoto na kuweka jingine. Wako tayari kumchukua Roza. Ila kwanza wanataka picha. Kuna mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini, wanataka kuona kama uko wazi au umeziba. Ukiwa wazi, ataenda. Ukiwa umeziba, basi. Picha hiyo haipigwi kwa eksirei, inapigwa kwa mashine mpya ya hospitali ya misheni. Tumepewa Jumanne ijayo.

Tutafikaje huko, sijui.

Ijumaa, 3 Aprili 1987

Nimekwenda Njia ya Msalaba. Kanisani hakuna metimani, padre ameshatangaza mara nyingi na kupiga meza. Sawa. Nikakaa benchi la tatu. Benchi zima langu! Mama mmoja alikuwa amekaa pale mwisho, akainama kama anafunga kamba za kiatu, akainuka, akahamia benchi la nyuma. Na alikuwa amevaa ndala.

Nilirudi kwa njia ya msituni ili kuyaepuka maboma ya watu. Mavi ya nyati njiani, bado yanatoa mvuke. Nyati hawaniogopi, angalau.

Jumatatu, 6 Aprili 1987

Alfonsi ameleta habari. Yeye ni mpishi kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, na metimani kwake ni hadithi tu, hakuna anayemuuliza ametoka boma gani. Namwonea wivu, naandika wazi. Landrova ya hoteli inashuka kesho kufuata mahitaji, itatungoja barabarani alfajiri. Leo nampenda.

Ili picha ionekane, Roza asile kitu baada ya chakula cha jioni. Nimemwambia Bibi, mama yake Alfonsi. Akaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 7 Aprili 1987

Nina hasira. Niandike kwa mpangilio, kama ninavyowaambia wanafunzi.

Tulitoka bado giza, Roza mgongoni. Landrova ilikuwepo. Dereva, Olais, ni Mmaasai wa Nainokanoka, metimani yetu haimhusu. Alitaka kujua jambo moja tu, kama mtoto atatapika kwenye kiti. Nikamjibu hajala, atatapika nini.

Hospitalini tukangoja. Mashine inataka umeme, umeme unataka jenereta, jenereta linataka dizeli, na dizeli ni ya chumba cha upasuaji. Wakipasua, ndipo na mashine inakula. Karibu na mchana tukasikia ngurumo. Roza akapiga makofi. Clemensi, mpiga picha, akatuingiza kwenye chumba chenye mapazia meusi. Kijana mpole, ana masharubu ya kujilazimisha. Akampaka Roza jeli tumboni, baridi, mtoto akaruka. Kisha akaweka pale kitu kama kipande cha sabuni na kuanza kukitembeza.

Kwenye kioo cha mashine kila kitu kilikuwa kijivu. Vidoti, vidoti, vinashuka, vinacheza. Roza alikaza macho. Televisheni hajawahi kuiona, na nani hapa ameiona? Akasema, Mama, tumboni mwangu kunanyesha.

Clemensi alicheka mpaka akaacha kazi. Mimi pia. Sikumbuki mara ya mwisho.

Kisha akaacha kucheka. Akasogeza, akabonyeza, akamgeuza ubavu, akamgeuza tena. Akauliza mtoto amekula nini. Nikasema hajala. Akasema, Mwalimu, tumbo limejaa chakula na upepo, na mashine hii haioni ng'ambo ya upepo. Ini naliona nusu. Mshipa siuoni kabisa. Uko wazi, umeziba, siwezi kusema.

Nikabisha! Nikamwambia mashine yake ndiyo mbovu. Yeye akamuuliza Roza mwenyewe, taratibu, na Roza akajibu bila hofu yoyote: Bibi alinipa ugali na maziwa ya mgando. Mwingi. Akasema nishibe mpaka jioni.

Alfajiri, nilipokuwa natafuta mwavuli! Muda huo huo!

Nikaelewa, na hasira ikakosa pa kwenda. Mtoto wa metimani hali chungu cha mtu. Bibi alijua siku nzima hakuna atakayempa mjukuu wake hata kikombe cha maji. Basi akamshindilia nyumbani.

Dokta Elke akaja. Ni mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kama anasoma. Akasema jenereta litawashwa tena Alhamisi Kuu. Jumatatu ya Pasaka anasafiri kwao Ulaya, na picha ataibeba yeye mwenyewe mkononi mpaka ile hospitali ya Uingereza. Atarudi Septemba. Nikasema basi kama Alhamisi Kuu ikishindikana, Septemba. Aliangalia tumbo la Roza tu.

Halafu nikauliza. Kwa nini niliuliza? Nikauliza hilo ini jipya wanalitengenezea kiwanda gani. Miaka yote nilidhani ni la bandia, kama meno ya padre! Dokta Elke akavuta kiti, akakaa. Akasema halitengenezwi. Ni la mtoto mwingine. Mtoto aliyekufa, labda kagongwa na gari, labda kaanguka, na wazazi wake wakakubali. Lazima awe wa kimo cha Roza. Roza atakaa kule anasubiri, na siku moja simu italia.

Njiani kurudi Olais alisimulia habari za majani na mvua. Sikusikia kitu.

Jumatano, 8 Aprili 1987

Jana nilimpigia Bibi kelele. Mama wa mume wangu! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, ningemwacha ashinde njaa kwa watu wasiomgusa? Halafu akauliza, kwani mashine si imeshampiga? Si atapona? Anadhani picha ndiyo dawa. Nusu ya foleni ya jana ilidhani hivyo, niliwasikia.

Basi leo nimewaeleza yote, Bibi na Bernadina, tumekaa jikoni moshi unatutoa machozi. Picha ni ya nini. Mshipa ni upi. Na ini linatoka wapi. Hapo nilitafuta maneno laini, sikuyapata, nikasema tu.

Bibi akashika kidevu.

Bernadina alikuwa anapepeta maharage. Huyu tangu Februari hazungumzi, ni shikamoo kwa Bibi na habari za asubuhi kwangu, basi. Akasimamisha ungo. Akaniuliza: Mama Roza, wangu angefaa?

Nikasema alikuwa mdogo mno.

Akasema, aah. Akaendelea kupepeta.

Ijumaa, 10 Aprili 1987

Sikwenda kanisani. Nimeshika rozari kitandani, sikufika mbali. Naomba nini? Niandike, hakuna anayesoma. Naomba mtoto wa watu afe. Wa kimo hiki hiki, afe vizuri, ini lisiumie, afe kabla ya Septemba. Hiyo ndiyo sala yangu, hata nikiifunika kwa maneno gani.

Najichukia. Halafu Roza anajikuna, naomba tena.

Olais alipita barabarani na gari la watu, mwenye gari hakutaka asogee kwetu, akaacha sukari kwenye jiwe na kuniambia kwa sauti ujumbe wa Alfonsi. Landrova imevunjika springi, Arusha nzima hakuna. Alhamisi hatuna gari. Na yeye hawezi kushuka, hoteli imejaa wageni wa Pasaka. Waache wageni wale mayai yao! Wakodolee macho kreta, wapige picha faru! Mtoto wangu mimi picha moja tu imeshindikana.

Kumbeba kwa miguu siwezi tena. Jana damu ilimtoka puani, ilichukua muda kukauka. Dokta alisema asitikiswe sana, asianguke.

Jumapili, 12 Aprili 1987. Matawi

Hhando! Nimezungumza na Hhando!

Ni jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, ana lori. Kila Alhamisi analiteremsha kwenda Mang'ola kupakia vitunguu na anapita mbele kabisa ya hospitali. Nilimvizia akitoka misa. Yeye upande wake wa korongo, mimi upande wangu, kila mtu na tope lake, tunapiga kelele. Bado alikuwa ameshika tawi lake la kanisani.

Nikamweleza. Kisha akapaza sauti: Mwalimu, msiba wenu naujua, umeshakaa. Wazee walishasema, kwenye barabara kuu si neno. Nitasimama pale njia yenu inapotokea. Mpande nyuma, mtoto umfunike turubai. Kwangu msipite!

Nikasema asante, Baba. Akasema subiri, sijamaliza. Msiba mmoja nabeba. Wa pili sibebi, Mwalimu. Nina ng'ombe wana mimba, nina wajukuu.

Wa pili utoke wapi, nikamjibu. Nilikuwa nacheka kwa furaha. Nyuma ya lori, na harufu ya vitunguu, na turubai. Hata angesema nikae juu ya tairi ningekubali.

Jumanne, 14 Aprili 1987

Roza anauliza kama mvua ya tumboni itakuwa imeacha kufikia Alhamisi. Nimemwambia asipokula itaacha, na Clemensi ataona vizuri mpaka mbali. Amekubali. Amesema atamwonyesha mwanasesere wake pia, naye apigwe picha.

Jioni Bibi amekuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Hajawahi. Siku hizi zote alikuwa kimya, nikadhani amenuna kwa zile kelele zangu. Kumbe anawaza. Akauliza: huyo mtoto wa Uingereza ni wa kike au wa kiume?

Nikasema haijulikani, Mama.

Wazungu wakifiwa wanakaa muda gani?

Sijui. Wanazika, wanarudi kazini.

Hawajitengi?

Hawajitengi.

Akafikiri. Akasema, basi huyo mtoto hana wa kumkalia msiba.

Nikasema, Mama, huyo mtoto hajafa! Yuko mzima, pengine sasa hivi anacheza mpira. Bibi akanitazama, si kwa ukali. Mnamsubiri afe, au hammsubiri?

Nikaanza kukunja soksi za Roza.

Akaendelea polepole, kwa Kiiraqw, maana kwa Kiswahili yasingetosha. Kwamba ini la mtoto huyo litakuja kukaa humu ndani, litakula ugali wake yeye, litalala kitandani pangu. Kwa hiyo ni mtoto wa nyumba hii. Na mtoto wa nyumba hii akifa, tunamkalia. Tumemkalia wa Bernadina, hakutimiza hata mwezi, hakuna aliyesema ni mdogo. Huyu je?

Nilicheka. Kicheko kibaya, cha woga. Nikamwambia, kalale, Mama, tutazungumza picha ikishapatikana. Akainuka, akamfunika Roza miguu, akatoka.

Nimebaki na aibu. Nilidhani katika nyumba hii mimi peke yangu ndiye ninayemfikiria yule mtoto. Mimi namfikiria ili afe. Bibi anamtafutia ndugu.

Alhamisi, 16 Aprili 1987. Alhamisi Kuu

Naandika nimesimama mlangoni. Roza mgongoni, amefungwa tayari. Mikono inataka kazi, la sivyo nitapiga mayowe.

Roza hajala. Safari hii Bibi mwenyewe ndiye aliyelinda chungu, mwiko mapajani, na mtoto alipolia njaa alilia naye lakini hakumpa tone. Nikamshukuru. Nikamshika hata mkono.

Kulipopambazuka nikafungua mlango. Tawi la mwiba limelazwa pale njia yetu inapokutana na barabara. Bichi, lina majani. Lile la Februari limeshakauka, linaoza pembeni, Hhando analijua. Hili ni jipya. Hili linasema tumefiwa tena.

Nikamwambia, Mama, umefanya nini?

La yule mtoto wa Uingereza, akasema.

Nikamwomba. Nikapiga magoti na Roza mgongoni. Nikamweleza Hhando alivyosema, msiba mmoja tu. Nikamweleza Jumatatu, na Dokta, na mshipa, kwamba bila picha ya leo huyo mtoto wa Uingereza afe asife Roza hapati kitu. Bibi analia, mimi nalia. Lakini tawi haliondoi. Anasema tukianza kwa kumnyima yule mtoto, ini lake litakaa kwa Roza kwa moyo gani? Litamkataa. Anamfanyia Roza! Hiyo ndiyo inaniua. Angekuwa mkorofi ningempita.

Na sheria ni kwamba tawi anaondoa aliyefiwa, na wazee wakiwepo. Nani amefiwa? Sijui. Mama mmoja huko Uingereza, atakayemwandalia mtoto wake chai akiamka.

Ningelitoa mimi. Ni tawi tu. Nimefundisha miaka yote kwamba tawi ni tawi. Nimekwenda mpaka katikati ya uwanja, nikarudi. Wamenifunga, au nimejifunga, sijui.

Lori linapanda korongo. Nalisikia.

Limefika. Limesimama, lakini mbali, si pale tulipopatana. Hhando hashuki. Ameona. Injini inanguruma, hajaizima.

Anaita: Mwalimu! Ni nani tena?

Nimjibu nini? Hakuna aliyekufa. Bado.

Anaita tena. Roza anasema, Mama, mwitikie babu.

Bernadina ametoka ndani. Bila kitenge kichwani, bila viatu. Tangu Februari hajavuka uwanja huu kuelekea barabarani. Bibi amemwita kwa jina, hakugeuka. Anatembea kwenye tope taratibu, kama mtu mwenye muda.

Amefika kwenye tawi. Ameinama.

Ameliinua kwa mikono miwili, miiba na yote, amelilaza kifuani kama anavyobebwa mtoto mchanga. Halirushi pembeni. Halirudishi chini. Amesimama nalo katikati ya njia, anamtazama Hhando, na Hhando anapiga honi, anapiga, na lori linaanza kurudi nyuma, au linageuza, sioni vizuri kwa mvua.

Roza ananyoosha shingo begani kwangu. Mama, anauliza, mama mdogo amebeba nani?